Bibi aliyepotea baada ya kuolewa

Dada, unasema mama wa bibi yako aliishi katika mji mmoja wa Uingereza karne ya 19, na akishaolewa haonekani tena. Anza na cheti cha ndoa: usajili wa serikali ulianza 1837, na humo yumo baba wa bibi harusi pamoja na kazi yake. Kisha msake kwenye sensa za kila miaka 10 kwa jina la mumewe. Umri wa sensa ya 1841 usiushikilie. Wa watu wazima kwa kawaida ulishushwa hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano. Kazi ya mke nayo mara nyingi iliachwa wazi, hata kama alifulia mtaa mzima (makarani wale!). Vyeti vya kuzaliwa vya wanawe ndivyo hazina: vina jina lake la kabla ya ndoa, na anwani zilizomo zinaonyesha alikohamia.