Maswali ya Wasomaji: Kutoa Jarida la Mashabiki kwa Mikono Yenu

Makala yetu kuhusu vijana wa Marekani waliopenda hadithi za kisayansi na kujichapia majarida miaka ya 1930 imeleta barua nyingi kutoka Nyanda za Juu Kusini. Wengi hamuulizi habari za hadithi, mnauliza vifaa. Tunajibu tano.

Mhariri, habari za kazi. Tuko wanafunzi tisa, tunaandika hadithi za kisayansi kwenye madaftari. Wale wenzetu walianzaje hasa, na sisi tuanzie wapi? — Klabu ya sekondari, Mbeya mjini

Walianza na barua. Mchapishaji wa Marekani Hugo Gernsback alipoanzisha Amazing Stories, jarida la hadithi za kisayansi, mwezi Aprili 1926, akawa anachapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Haikuchukua muda wasomaji wakaanza kuandikiana wenyewe kwa wenyewe bila kupitia kwa mhariri. Mei 1930 kundi moja la watu wa namna hiyo likatoa jarida lao la mashabiki, The Comet, mhariri wake akiwa Raymond Palmer. Mwaka 1932 vijana wa New York wakatoa The Time Traveller. Na kule Cleveland wanafunzi wawili wa sekondari, Jerry Siegel na Joe Shuster, walitoa jarida lao la kurudufu. Toleo la Januari 1933 lilikuwa na mtu mwovu aliyeitwa Superman, miaka mitano kabla ya Superman huyu anayejulikana leo.

Kwa hiyo ukurasa wa barua ndio uti wa mgongo, msiuache uwe kiraka cha kujazia nafasi. Toleo la kwanza halitakuwa na barua, basi pelekeni nakala kumi kwenye shule nyingine mkiomba maoni ya maandishi, na toleo la pili mchape yote yatakayokuja, hata ya kuwakosoa. Hadithi ziishe ndani ya toleo hilohilo. Hadithi ya kuendelea ni mzigo kwa jarida changa, kwa sababu mengi hufa kabla ya toleo la tatu na msomaji hubaki njiani.

Ukurasa wa 2 uandikwe jina la jarida, namba ya toleo, mwezi, mwaka na S.L.P. ya shule. Jarida lisilo na tarehe, baada ya miaka mitano hata aliyelitoa hajui lilitangulia lipi. Ila anwani za nyumbani na namba za simu za wanafunzi msizichape. Na mkifikiria kuuza kwa umma, ulizeni kwanza Idara ya Habari (MAELEZO), maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka leseni kwa mchapishaji wa gazeti.

Shikamoo mhariri. Nimejaribu ile hektografu mliyoitaja, yaani trei ya gelatini inayonyonya wino wa maandishi na kuutoa kwenye nakala. Wino nimetumia GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, ya duka la dawa. Nakala ya kwanza ilionekana kwa mbali, ya tano haisomeki, kisha gelatini ikang'oka pamoja na karatasi. Kosa liko wapi? — Msomaji, Njombe

Marahaba. Makosa yako mawili, na la kwanza ni wino. Rangi ya GV ndiyo hiyohiyo ya zambarau waliyotumia vijana wale, lakini ya duka la dawa ni asilimia nusu au moja tu, iliyobaki ni maji. Wino wa hektografu unataka karibu sehemu moja ya rangi ya unga kwa sehemu saba za maji. Ukikosa unga, tafuta karatasi ya zambarau wanayotumia wachora chale (tatuu) kuhamishia picha kwenye ngozi. Ukiiweka chini ya karatasi yako, upande wa rangi ukitazama juu, na kuandika kwa kukandamiza, maandishi yatatokea mgongoni mwa karatasi yako yakiwa kinyume. Hapo kuna la kuangalia. Ukilaza maandishi ya kinyume kwenye gelatini, nakala zote zitatoka kinyume. Kwa hiyo rangi itazame chini, juu ya karatasi safi ya pili, na hiyo ya pili ndiyo iwe karatasi mama, ile inayolazwa kwenye gelatini.

Kosa la pili ni gelatini yenye maji mengi. Kwa trei ya sentimita 18 kwa 24, loweka gramu 60 za gelatini kwenye maji baridi usiku kucha, kisha mwaga maji yasiyonywewa. Ongeza mililita 400 za glisirini, weka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto, koroga polepole bila kutia povu, na endelea kupasha moto walau saa moja ili maji yapungue. Isichemke. Mimina kwenye trei iliyo sawasawa, kimo cha sentimita moja, na viputo vyote uvikokote pembeni kwa ukingo wa karatasi. Kila kiputo kitakachobaki kitakuwa doa jeupe kwenye kila nakala. Acha igande hadi kesho yake.

Siku ya kazi, futa uso kwa sponji yenye unyevunyevu, kausha kwa karatasi ya kunyonya maji, laza karatasi mama kwa dakika tatu hivi, ibandue kuanzia kona moja. Nakala za mwanzo zilaze sekunde chache tu, za mwisho ziongezee muda. Thelathini hadi hamsini ni mavuno mazuri. Baridi ya Njombe mwezi Juni huifanya gelatini kuwa ngumu na nakala kutoka hafifu, basi iweke trei kwenye chumba chenye joto kabla ya kuanza. Ikinata, ina joto au maji mengi, irudishe motoni. Ukimaliza, futa rangi mara moja kwa maji ya uvuguvugu. Vaa glavu, na sufuria hiyo isirudi jikoni.

Wanangu, shule yetu ya zamani ina mashine ya kurudufia aina ya Gestetner na boksi la stensili, zile karatasi za nta za kupigia taipu. Bado inafaa? — Mwalimu mstaafu, Iringa

Shikamoo mwalimu. Mashine huenda ikafaa, stensili ndizo za kutilia shaka. Kunja kona ya moja: nta ikipasuka, boksi zima halina kazi. Wino ulioganda kwenye ngoma ulainishwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, lakini yasifike kwenye rola za mpira, zitavimba.

Wakati wa kupiga taipu, utepe utolewe na herufi zisuguliwe kwa brashi, hasa a, e na o. Nukta na o zipigwe kwa mkono mwepesi, la sivyo kiini cha o kitadondoka na nakala zote zitakuwa na tone jeusi. M na w zinataka nguvu. Kosa hufutwa kwa rangi ya kusahihishia, au rangi ya kucha isiyo na rangi ikipakwa nyembamba sana. Ikauke kabisa kabla ya kupiga tena. Picha ichorwe kwa kalamu iliyokwisha wino, na kivuli kiwe cha nukta, maana mistari mirefu iliyosongamana hupasua stensili.

Karatasi laini ya fotokopi hainywi wino upesi, nakala moja huchafua mgongo wa nyingine. Pachika karatasi chakavu kati ya nakala, au tumia karatasi yenye ukwaruzo.

Fotokopi hapa Tukuyu inakwama kila tukigeuza upande wa pili. Na kurasa zinatoka bila mpangilio. — Msomaji, Rungwe

Mvua ya Rungwe imeingia kwenye rimu. Karatasi yenye unyevu hujikunja inapopita kwenye joto la mashine, na ikirudi upande wa pili inanasa. Rimu isifunguliwe hadi saa ya kazi, iliyobaki ifungwe kwenye plastiki, na nakala za upande wa kwanza zipumzike zikiwa zimekandamizwa kwa kitu kizito.

Kuhusu mpangilio: kurasa 16 za A5 ni karatasi nne za A4, na namba za kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi zijumlishe 17. Karatasi ya nje ina 16 na 1, nyuma yake 2 na 15. Inayofuata 14 na 3, nyuma 4 na 13. Kisha 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani kabisa 10 na 7, nyuma 8 na 9. Nakala 60 zinakula karatasi 240. Nunueni rimu moja, ziada itafidia zitakazoharibika. Stepla ya kawaida haifiki katikati, basi ifungue, piga pini juu ya kipande cha boksi, kisha kunja miguu yake kwa mgongo wa kijiko.

Tunaweza kubadilishana majarida na klabu za Songea na Iringa bila kila mmoja kulipia mizigo kumi? — Klabu, Makambako

Mnaweza, na nyinyi mmekaa pazuri, njia ya Songea inapoachana na ya Mbeya na Iringa. Fuateni utaratibu wa FAPA, chama cha Marekani cha mashabiki wanaobadilishana majarida, kilichoanzishwa 1937 na Donald Wollheim: kila mwanachama hurudufu nakala za kutosha wote, anazituma kwa mkusanyaji mmoja, naye hufunga vifurushi vyenye jarida moja la kila mtu na kuwarudishia wote, mara nne kwa mwaka. Wanachama wana ukomo, na kila mmoja anadaiwa angalau kurasa 8 kwa mwaka. Asiyetimiza hupoteza nafasi yake.

Kwa kuanzia klabu sita zinatosha. Kila moja ilete nakala saba, moja ya akiba, pamoja na nauli ya kifurushi chake cha basi. Tarehe ya kufunga itangazwe mapema, na atakayechelewa aingie kwenye kifurushi kinachofuata. Mkimsubiri mmoja, wengine watano nao watajifunza kuchelewa.