Mashine ya metali inalia kila mahali shambani, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mzee. Binamu yangu ameniletea mashine ya kutambua metali kutoka Uingereza. Shamba la marehemu babu liko Mwakirunge, udongo wake mwekundu, na limelimwa tangu enzi za mabibi zetu. Nikiiwasha inalia kila hatua, nikichimba sioni kitu. Jumamosi iliyopita lakini nilipata sarafu ya shaba yenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu, imeota kutu ya kijani. Niiseti vipi mashine itulie? Sarafu niisafishe kwa nini? Na niendelee kuchimba? Nimeona video za Wazungu wakifukua vitu vya kale mashambani na kuondoka navyo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na kelele, kwa sababu hilo ni jepesi.

Koili ya mashine, yaani lile duara la chini, hutuma nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika ardhini. Ikikuta metali, umeme mdogo huzunguka ndani ya kile kitu, nacho hurudisha nguvu ya sumaku yake mwenyewe, ikiwa imechelewa kidogo. Mashine hupima kuchelewa huko: shaba na fedha huchelewa kuliko msumari wa chuma, ndiyo maana namba na sauti zake hutofautiana. Shida ni kwamba udongo mwekundu umejaa chembe za kutu ya chuma, nazo pia huitikia. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwa karatasi nyembamba, uiburute kwenye mchanga mkavu wa shambani. Ikirudi na manyoya ya vumbi jeusi, umemjua anayepiga kelele.

Tafuta mahali pasipo na metali, kisha uinue na kushusha koili, kutoka karibu na ardhi hadi usawa wa goti, huku ukigeuza kitufe cha kulinganisha udongo mpaka sauti iwe moja juu na chini. Rudia kila udongo unapobadilika rangi. Punguza usikivu pia. Watu hawapendi kusikia hivyo, wanadhani wanapoteza kina, lakini kwenye udongo kama huo mashine iliyopunguzwa husikia vizuri kuliko iliyofunguliwa yote. Simu iwe mbali na koili, na usipite chini ya nyaya za umeme. Siku ukishuka ufuoni Nyali utakuta shida nyingine: mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine nyingi za kawaida huchanganyikiwa hapo.

Usitegemee sana kichujio, yaani ile sehemu ya mashine ya kubagua metali kwa aina. Kifuniko cha soda kinaweza kulia kama sarafu, na kipande cha sufuria kuukuu kikalia kama fedha.

Sasa sarafu. Tafadhali usiitie ndimu, wala ukwaju, wala Coca-Cola, wala usiisugue kwa majivu kama tunavyosugua dele la kahawa. Dele ni la kung'aa, sarafu ni ya kusomeka. Ile ngozi ya kijani imebeba herufi. Ukiiondoa kwa tindikali, herufi zinaondoka nayo na hakuna fundi wa kuzirudisha. Ipanguse udongo uliolegea kwa brashi laini kavu, basi. Itie kwenye kikasha pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukiona unga wa kijani hafifu unaojirudia kila ukiupangusa, hiyo ni chumvi iliyoingia ndani ya shaba. Ikipata unyevu huendelea kuila mpaka iishe. Hiyo ni kazi ya maabara, si ya jikoni.

Kuhusu ni ya nani, picha ya mizani inaelekeza hasa kwa wawili. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa pesa za shaba zenye mizani. Nyingi zina mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Halafu Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikatoa zake hapa Mombasa, nazo zina mizani, lakini ukigeuza utakuta herufi za Kizungu na mwaka 1888. Kama yako ni Kiarabu pande zote mbili, ni ya Barghash. Soma tarakimu kwa mwanga wa pembeni, taa ikiwa imelala karibu na meza, kivuli ndicho kitakachozionyesha.

Vyovyote itakavyokuwa, imepita umri wa kuchezewa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Vitu hivyo vikiwa ardhini ni mali ya Serikali, hata kama hati ya shamba ina jina la babu. Aliyekipata anatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, akieleza ni wapi hasa na kwa namna gani. Na kuvitafuta makusudi bila leseni ya uchunguzi hakuruhusiwi. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hapana, usiendelee. Video ulizoona ni za kwao: Uingereza ina sheria ya hazina ya 1996 na mpango wa kuandikisha vitu vinavyookotwa na watu wa kawaida. Hatuna mpango wa namna hiyo hapa. Na hata huko Ulaya si kila mahali. Jirani zao Ireland hukataza kutafuta vitu vya kale kwa mashine bila kibali.

Nisikuambie sheria tu, maana sheria peke yake haimshawishi mtu. Jembe hugeuza udongo wa juu, na kitu kilichomo humo kimeshahamahama. Chini yake ndiko tabaka zilikolala kama zilivyoachwa: sakafu, jivu la jiko, shimo la taka. Sarafu ikiwa juu ya sakafu inatuambia sakafu ile haikufukiwa kabla ya sarafu kutengenezwa. Ukiitoa kwa shimo la kijiko, umebaki na sarafu tu. Halafu mashine yako ni kiziwi kwa vitu vinavyotufaa zaidi pwani hii: vigae vya vyungu vyenye michoro ya pembetatu, ambavyo ni vya karne ya 6 hadi ya 10, vipande vya kijani vya Kichina kama vile vya Gede, shanga, mifupa ya samaki. Unavitupa pembeni ukikimbilia mlio. Mwaka 2010 kule Mambrui, timu ya Kenya na China ilipata sarafu ya mfalme Yongle wa China aliyetawala 1403 hadi 1424, na umuhimu wake umetokana na kupatikana katika uchimbaji wa kitaalamu, mahali panapojulikana.

Basi fanya hivi, na ufanye leo kwa kuwa siku zinahesabika tangu Jumamosi. Rudi kwenye shimo, usilipanue. Lipige picha ukiwa umeweka rula ndani, andika kina chake na rangi ya udongo, na uhifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Vigae ulivyotupa karibu na shimo vikusanye kwenye bahasha moja, usivichanganye na vya upande mwingine wa shamba. Kisha peleka vyote Makumbusho ya Fort Jesus, useme ni nani alipata, wapi, lini. Uliza pia kama wanaweza kuja kuliangalia shamba.

Mashine yenyewe usiiuze. Inafaa kutafuta pete iliyoanguka uani au bomba lililofukiwa. Ila makaburi ya wazee na misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, usiyakaribie nayo. Na siku ikikuonyesha kitu kama ganda la bomu au risasi kubwa, usikiguse wala usikipige jembe. Weka alama mbali, uondoe watoto, uite polisi.