Kabla hujatia saini mtoto wako aingie kwenye utafiti

Mama alikuwa Tanga, mimi Houston, Marekani, tunaongea kwa video. Alimtazama mjukuu wake kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona anafua bila maji?" Ndivyo mikono yake ilivyokuwa: imeshikana kifuani, inasuguana kutwa nzima. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na maneno yake manne yalikuwa yameshapotea.

Tulihangaika karibu miaka miwili kabla ya kuambiwa ni ugonjwa wa Rett, unaompokonya mtoto, hasa wa kike, maneno na matumizi ya mikono aliyokwisha kuyapata. Jina ni la Andreas Rett, daktari wa Vienna. Mwaka 1954 aliwaona wasichana wawili wanasubiri zamu na mama zao, mikono yao inakwenda vilevile. Nawawaza sana wale mama wawili. Rett aliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1966, lakini madaktari wengi walikuja kuujua baada ya 1983. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi, hapahapa Houston, ikapata chanzo: hitilafu kwenye jeni ya MECP2, sehemu ya vinasaba iliyo kwenye kromosomu X. Karibu kila mara hitilafu hiyo hujitokeza yenyewe, hairithiwi. Nalikazia hili kwa sababu nimeulizwa ukoo wetu una nini, na nililia.

Mzazi mwenzangu, ukiitwa kwenye utafiti, jua kwamba huendi kutibiwa. Utafiti wetu unamfuatilia mtoto tu: kila mwaka anapimwa urefu na mzunguko wa kichwa, tunaulizwa kuhusu kifafa na usingizi, tunarudi nyumbani. Utafiti wa aina nyingine unajaribu dawa. Ule wa trofinetide, dawa ya kwanza ya Rett kuidhinishwa Marekani, Machi 2023, ulikuwa na wasichana na wanawake 187 wa miaka 5 hadi 20, kwa wiki 12. Wengine walikunywa dawa, wengine maji yanayofanana nayo yasiyo na dawa, na mzazi hakuambiwa wake yuko upande gani. Dawa yenyewe haiponyi, na wengi waliharisha.

Fomu ya ridhaa nilisaini nimempakata mtoto, sikuisoma. Miezi baadaye nikajua sehemu ya damu yake imehifadhiwa kwa tafiti nyingine. Hakuna aliyenificha, iliandikwa. Siku hizi nasema: nipeni fomu niende nayo nyumbani. Uliza damu inakwenda wapi. Uliza ukijitoa, kliniki itaendelea kumhudumia? Na kama ni dawa na imemsaidia, majaribio yakiisha nani atampa? Hilo la mwisho usiliache hata kama wana haraka. Kiingereza kikikuelemea omba mkalimani, usimtwishe mwanao mkubwa kazi hiyo.

Halafu anza daftari leo. Mtafiti aliniuliza neno la mwisho mtoto alilisema lini, nikabaki mdomo wazi. Usiku ule nilipekua simu mpaka saa nane, nikaipata video: yuko kwenye kiti chake, ananyoosha mkono, anasema "maji." Tarehe ilikuwepo. Wakaiandika.

Sasa naandika hata vidogo: ameshika kijiko, amepumua vibaya mara mbili, amenitazama nilipoimba. Mama naye ana daftari lake kule Tanga. Kila tukimaliza kuongea anaandika tarehe na mikono aliionaje.