Maswali yenu kuhusu kusomea elimu maalumu Ujerumani

Tangu niliposimulia kwamba nilisomea ualimu wa elimu maalumu Köln, na kwamba sasa nafundisha watoto wenye ulemavu wa akili katika jimbo la Nordrhein-Westfalen, maswali hayakatiki. Leo najibu machache. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na majina nimeyaacha.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Morogoro, nina stashahada ya elimu maalumu kutoka chuo cha ualimu cha Patandi. Nikija huko, nitasoma miaka mingapi?

Marahaba, mwenzangu. Hesabu miaka sita na nusu hadi saba, na hapo sijaweka muda wa kujifunza Kijerumani. Elimu Ujerumani iko mikononi mwa majimbo, nayo ni 16, kwa hiyo utaratibu unatofautiana. Huku kwetu ni shahada ya kwanza ya miaka mitatu, kisha uzamili wa miaka miwili. Bavaria hawana mgawanyo huo, huko unasoma mfululizo hadi mtihani wa serikali.

Wengi hawajui kwamba ukimaliza chuo bado hujawa mwalimu kamili. Kuna kipindi kinaitwa Referendariat, miezi 18 katika jimbo letu na miezi 24 Bavaria. Unafundisha shuleni kwa posho, wakufunzi wanakuja kukaa nyuma ya darasa lako mara kwa mara, na mwisho kuna mtihani wa pili. Ukishindwa huo, miaka mitano ya chuo haikupi darasa.

Chuoni husomi ulemavu peke yake. Unachagua maeneo mawili ya mahitaji maalumu, na juu yake masomo ya kufundishia. Kwetu moja la masomo hayo lazima liwe Kijerumani au hisabati. Stashahada yako haitakupunguzia miaka kwa mkupuo, maana chuo hulinganisha kozi moja baada ya nyingine. Nikuambie ninavyoamini: kama nia yako ni kurudi darasani Morogoro, shahada ya elimu maalumu nyumbani itakufikisha mapema zaidi. Njoo Ujerumani ikiwa unataka kufundisha Ujerumani, au kuna utaalamu mahususi unaoufuata.

Nimemaliza kidato cha nne Kakamega, nimepata B. Naweza kuomba chuo moja kwa moja?

Kwa KCSE peke yake, hapana. Utapitia Studienkolleg, mwaka mmoja wa maandalizi unaoishia kwa mtihani, au usome kwanza chuo kikuu nyumbani ndipo uombe. Kanuni za kila nchi ziko kwenye hifadhidata ya serikali iitwayo anabin, na vyuo vingi hupokea maombi ya wageni kupitia uni-assist. Usimlipe wakala kwa kazi hiyo, mwanangu. Fomu hizo unaweza kuzijaza mwenyewe.

Je, kozi hii inapatikana kwa Kiingereza? Kiingereza changu ni kizuri sana.

Ualimu wa shule za serikali husomwa kwa Kijerumani, na mimi nasema ni haki iwe hivyo. Vyuo kwa kawaida hudai kiwango cha C1, ngazi ya tano kati ya sita za kupima lugha. Ukifika hatua ya kuajiriwa, mara nyingi utadaiwa zaidi ya hapo.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo hili. Nilipoanza mafunzo kwa vitendo nilikuwa na cheti changu cha C1, nimekikunja vizuri kwenye bahasha, nikidhani lugha nimeimaliza. Darasani alikuwamo mtoto wa miaka minane, analelewa na bibi yake, maneno yake ni machache na hayatamki sawasawa. Asubuhi moja akawa ananivuta mkono: "Buchping, Buchping." Nikampa kitabu, maana Buch ni kitabu. Akakitupa. Nikampa kingine. Akalia hadi akalala sakafuni, nami nikaandika kwenye daftari langu kwamba mtoto ana tatizo la tabia. Mama wa jikoni alipita, akasikia, akamwinua. Buchping ni lugha ya mji wa Köln, lugha ya bibi yake. Maana yake tumbo linaniuma.

Ukurasa ule ninao mpaka leo. Mtoto alisema vizuri kabisa kwa lugha aliyopewa nyumbani, na mimi nikaandika kasoro upande wake. Mtoto anayesikia na kuongea bila shida atakurekebisha ukikosea. Wetu mara nyingi hawezi, kwa hiyo lugha yako ndiyo mlango wake. Jifunze ya vitabuni, kisha ujifunze ya sokoni, ya basi, ya wazee. Goethe-Institut ipo Nairobi na Dar es Salaam, anzia huko kabla hujauza shamba.

Binti yangu ana hamu. Mimi ni mfanyabiashara Mwanza. Niandae kiasi gani?

Vyuo vingi vya umma havitozi ada. Unalipa mchango wa muhula, ambao mara nyingi unajumuisha usafiri wa umma. Jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na jambo hilo linawagusa hasa wanaotaka kwenda Heidelberg katika jimbo hilo, chuo chenye jina katika elimu ya wasioona na viziwi.

Mzigo wenyewe ni maisha. Ili apate viza ataonyesha uthibitisho wa fedha. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, zikiwekwa kwenye akaunti maalumu inayomruhusu kutoa 992 kila mwezi. Kisheria anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Lakini mzazi mwenzangu, usipange bajeti ukitegemea kazi hiyo. Kozi hii ina vipindi vya mafunzo shuleni, na katika uzamili hapa kwetu muhula mzima unakuwa shuleni. Anayekesha ghalani akipanga mizigo hawezi kusimama saa mbili asubuhi mbele ya mtoto mwenye kifafa.

Kabla ya kuingia shuleni ataombwa pia cheti cha tabia njema na uthibitisho wa chanjo ya surua. Atunze kadi yake ya kliniki.

Kuna maeneo gani ya kubobea, na lipi lina faida nikirudi nyumbani?

Yako saba yanayotambulika zaidi: kujifunza, hisia na mwenendo, usemi, akili, mwili na mwendo, kusikia, kuona. Si kila chuo kinafundisha yote. Kuona utakuta Dortmund na Heidelberg. Kusikia utakuta Köln, München na Heidelberg.

Faida nyumbani inategemea kiasi gani cha maarifa kimefungwa kwenye Kijerumani. Chukua nukta nundu. Mfumo wenyewe ni ule ule wa nukta sita, na ufundi wa kumfundisha mtoto kusoma kwa vidole unasafiri nao popote. Utakachoacha ni vifupisho vya Kijerumani, ambavyo ni vingi na vinachosha. Kumfundisha asiyeona kutembea na fimbo, kupanga darasa kwa mwenye uoni hafifu, hivyo vyote utarudi navyo.

Kwa viziwi mambo ni tofauti. Lugha ya alama ya Kijerumani ni lugha kamili yenye sarufi yake, na haielewani na lugha ya alama ya Tanzania wala ya Kenya. Ukirudi utaanza kujifunza lugha upya. Jambo la pili linahitaji historia. Ujerumani ndiko mfumo wa kumlazimisha kiziwi aongee kwa mdomo ulikopata nguvu. Samuel Heinicke alifungua shule Leipzig mwaka 1778 kwa msimamo huo, na mwaka 1880 mkutano wa walimu kule Milan ukaamua kwamba usemi utangulie na alama ziondoke. Vizazi vya watoto vikafungwa mikono. Serikali ya Ujerumani iliitambua lugha ya alama kisheria mwaka 2002 tu. Kenya iliandika lugha yake ya alama kwenye Katiba mwaka 2010. Kwa hiyo usije na fikra kwamba kila cha Ulaya kimetangulia. Katika hili, kiziwi wa Kisumu ana Katiba ya kushika mkononi.

Nami nilichagua akili na usemi. Ningerudia leo, ningechagua hayo hayo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, natokea Mombasa, naishi Dortmund. Mwalimu anataka mwanangu wa darasa la kwanza apimwe kwa ajili ya shule maalumu. Nyumbani tunasema Kiswahili. Wewe umesomea haya, unasemaje?

Dada yangu, pole kwa hofu uliyonayo. Sijamwona mtoto, kwa hiyo nakuambia tunachofundishwa. Kupima mahitaji ni sehemu kubwa ya masomo yetu, na miongoni mwa makosa ya mwanzo tunayoonywa ni kuchanganya mtoto asiyejua Kijerumani na mtoto mwenye shida ya kujifunza. Katika jimbo letu, kutojua Kijerumani vya kutosha si sababu ya kumpa mtoto hadhi ya mahitaji maalumu. Mwulize mwalimu kwa upole, na kwa maandishi: mwanangu anashindwa nini ambacho hakitokani na lugha?

Kisha tazama nyumbani. Anaelewa hadithi kwa Kiswahili? Anakumbuka ulichomtuma dukani? Anahesabu vijiko? Kama kwa Kiswahili yuko sawa, peleka habari hiyo shuleni, ni ushahidi. Kama hata kwa Kiswahili anahangaika, usikatae kupimwa, maana kupimwa kunamfungulia msaada. Na ikithibitika ana mahitaji, una haki ya kuomba asome shule ya kawaida akiwa na msaada. Ujerumani ilijifunga na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu tangu 2009, ingawa mpaka sasa zaidi ya nusu ya watoto wenye mahitaji maalumu wako shule za peke yao. Usiache Kiswahili kwa sababu umeambiwa kinamchanganya. Hakimchanganyi.

Nasikia Ujerumani waliwahi kuua walemavu. Wanalifundisha hilo au wanaficha?

Wanalifundisha, nasi tuliopita pale hatuwezi kulisahau. Sheria ya Wanazi ya Julai 1933 ilifungua mlango wa kuwahasi watu kwa nguvu, na waliofanyiwa hivyo ni takriban 400,000. Mwaka 1940 na 1941, katika mpango uliokuja kuitwa T4, watu zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi katika vituo sita, na mauaji yaliendelea kwa njia nyingine baada ya hapo. Watoto nao walikuwa na wodi zao za kifo.

Kilichonishika koo ni nafasi ya walimu. Shule za watoto waliochelewa kujifunza zilikuwa na mafaili: mtoto huyu hawezi kusoma, yule familia yake ina matatizo. Mafaili hayo yalipelekwa kwenye mahakama zilizoamua nani ahasiwe. Yaliandikwa na watu wenye taaluma yangu, kwa mwandiko mzuri. Tulipelekwa Hadamar, kimojawapo cha vituo vile, tukashuka hadi chumba cha chini. Tuliporudi hakuna aliyeongea kwenye basi. Tangu hapo kila ninapoandika ripoti ya mtoto najiuliza nani ataisoma na atamfanyia nini, na sentensi nisiyoweza kuisoma mbele ya mama yake naifuta.

Niko Ujerumani kwa mwaka wa kujitolea katika nyumba ya watu wenye ulemavu. Chuo kikuu kinanitisha. Kuna njia nyingine?

Ipo, na ni nzuri. Tafuta mafunzo ya Heilerziehungspfleger, kazi ya kuwalea na kuwasaidia wenye ulemavu katika maisha ya kila siku. Mara nyingi ni miaka mitatu, na uzoefu unaoupata sasa unahesabika. Shuleni kwangu nafanya kazi bega kwa bega na watu wa fani hiyo, na mara nyingi wao ndio wanaomjua mtoto kuliko mimi.

Nikihitimu na kurudi, cheti kitatambuliwa?

Tanzania utakipeleka TCU, tume ya vyuo vikuu, kilinganishwe. Kenya utahitaji pia kusajiliwa na TSC, tume ya walimu. Omba chuo kikupe maelezo ya kozi zako zote kabla hujaondoka, na uyatafsiri kwa mtafsiri aliyeapishwa. Kuyaomba ukiwa Bukoba ni usumbufu.

Nina miaka 19, niko Tanga, sijawahi kukaa na mtoto mwenye ulemavu. Nianzie wapi?

Usianzie Ujerumani. Nenda shule ya msingi yenye kitengo maalumu iliyo karibu nawe, mwone mwalimu mkuu, omba kusaidia wiki mbili. Utamlisha mtoto asiyeweza kushika kijiko, utampeleka chooni, utamfuta udenda, utaitwa jina moja mara arobaini kwa asubuhi moja. Angalia mwalimu anafanya nini mikono yake inapochoka. Zikiisha hizo wiki mbili na ukajikuta umerudi ya tatu bila kuitwa, niandikie tena, nitakutumia orodha ya vyuo.