Mtoto wa AS bado alale ndani ya neti

Swali: Daktari, mwanangu wa miaka 4 amepimwa damu akaonekana ni AS. Muuza dawa mmoja ameniambia watoto hao hawashikwi na malaria, nisijisumbue na neti. Ananiuzia chupa ya kusafisha damu ili hiyo S itoke, na anasema Wazungu walilithibitisha jambo hili zamani hukuhuku Pwani. Ni kweli? – Mama, Ganda, Malindi

Jibu: Mama, neti ifunge leo, na chupa usiinunue. AS maana yake mtoto amerithi S, yaani jeni ya siko seli, kwa mzazi mmoja tu; aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ni SS, naye ndiye mgonjwa. Maneno haya nayasikia maabara mara kwa mara, na yananiuma kwa sababu yamejificha nyuma ya kazi njema ya utafiti.

Aliyefanya kazi hiyo ni Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alizunguka nchi hii akipima damu za watu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba S. Nyanda za juu, hata mmoja ilikuwa shida. Jeni inayoua watoto wa SS imebakije kwa wingi hivyo? Akaona kwamba penye malaria nyingi ndipo penye S nyingi. Mwaka 1954 akachapisha jibu: S moja humpunguzia mtoto hatari ya malaria, basi akakua, akazaa, akairithisha.

Kupunguza, mama. Utafiti uliofanywa baadaye hapa Kilifi ulionyesha kuwa AS hukinga malaria kali kwa karibu asilimia 90, lakini malaria ya kawaida kwa nusu tu. Mbu anamuuma, vimelea vinaingia, homa inapanda. Akichemka, apimwe na apewe dawa kama mtoto yeyote.

Na damu gani isafishwe? AS si ugonjwa. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha uboho huunda nyingine kwa maagizo yaleyale aliyorithi kwenu wazazi. Chupa haiyafikii maagizo hayo, kama isivyoweza kumbadilisha sura aliyofanana na babake.

Wewe na baba mtoto mpimwe pia. Mkiwa nyote AS, kila mimba, hata waliotangulia wakiwa wazima, ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta SS. Hapo ndipo uongo huu unapoua. Wazazi husikia “siko seli inakinga malaria” wakamwondolea neti mtoto wa SS, ambaye kinga hiyo haimwokoi. Damu yake ni chache tangu mwanzo, na malaria humaliza hiyo kidogo upesi. Nimepima watoto walioletwa wamekwisha kuwa weupe viganja na midomo, baada ya wiki nzima za chupa. Mtoto wa SS anahitaji neti kila usiku, dawa ya kuzuia malaria, penisilini akiwa mdogo, na kliniki bila kukosa. Anayewaambia mviache hivyo, popote kuanzia Malindi mjini hadi Magarini, msimpe hata shilingi.