Maswali ya kumuuliza msaili wa kazi ya mauzo

Ndugu, umeuliza useme nini msaili wa kazi ya mauzo akikugeukia na "Una swali lolote?" Usijibu "sina". Kazi yenyewe ni kumuuliza mteja hadi uelewe shida yake, kwa hiyo hapo bado unapimwa.

Swali ninaloliamini kuliko yote: "Katika timu ya sasa, ni wangapi waliofikia lengo kipindi kilichopita?" Kama ni wachache mno, huenda lengo limewekwa juu kupita kiasi au bidhaa haiuziki, na ile kamisheni nono ya kwenye tangazo hutaiona. Akikwepa, uliza kwa upole lengo hupangwaje na nani hulipanga. Kisha fuatilia: wateja wapya hutoka wapi, mnapewa orodha au kila mtu anajitafutia? Tangu mazungumzo ya kwanza hadi mteja anunue, huchukua muda gani? Hilo la muda lina uzito sana mshahara wa msingi ukiwa mdogo, maana unaweza kukaa miezi bila kamisheni.

Mambo ya malipo (kamisheni hutoka mteja akisaini au akishalipa, na akirudisha bidhaa unakatwa?) yasubiri hadi waonyeshe nia ya kukuchukua, lakini yaulize kabla ya kusaini mkataba.

Mwisho muulize waziwazi: "Kuna jambo lolote kunihusu linalokupa wasiwasi?" Halafu nyamaza, msikilize amalize, na umjibu hapo hapo kabla hujatoka.