Nimepima mikoko, naomba kazi benki: niandike nini?

SWALI: Nimemaliza shahada ya sayansi ya mazingira. Fildi nilikuwa delta ya Rufiji, tukipima mikoko na kuhoji kaya 40 kati ya 240 za kijiji kimoja cha wavuvi. Sasa naomba kazi ya ofisa mikopo. Kwenye wasifu nimeandika "nilishiriki utafiti wa mikoko", na wenzangu wanasema nifute kabisa. Nifute?
Msomaji, Temeke

JIBU: Usifute, ila sentensi hiyo ibadilishe. Inataja ulikokuwa, haisemi unachoweza kufanya, na anayesoma wasifu hana muda wa kukisia.

Anza na zile kaya, maana ndizo zinazokaribia kazi unayoomba. 240 kwa 40 ni 6: unapiga kura kupata nyumba ya kwanza kati ya 6 za mwanzo, kisha unachukua kila ya 6. Hiyo ndiyo sampuli ya mpangilio. Ukikuta mlango umefungwa je? Wengi huhamia kwa jirani, na hapo sampuli inaharibika, kwa sababu wanaoshinda nyumbani mchana hawafanani na walio baharini au shambani. Kama ulirudi jioni, iandike. Inaonyesha hupendi njia ya mkato.

Halafu swali la kipato. Ukimuuliza mvuvi anapata shilingi ngapi kwa mwezi, atakupa namba ya kukuridhisha tu, kwani kazi yake inafuata bamvua (siku za maji makubwa) na maji mafu (siku za maji madogo), si tarehe za mshahara. Ukiuliza mauzo ya safari ya mwisho, safari ngapi kwa bamvua moja, mafuta kiasi gani na barafu kiasi gani, unapata hesabu inayokagulika. Ofisa mikopo humpima vivyo hivyo mfanyabiashara asiye na vitabu. Huu ndio ujuzi wako mkubwa kuliko yote, nao hauonekani popote kwenye wasifu wako.

Mikoko ipe mstari mmoja. Mzingo wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, lakini mizizi ikipanda zaidi ya hapo, unapima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Wapimaji wasiofuata kanuni moja huleta takwimu zisizolinganishika. Ongeza kwamba ratiba yenu ilibidi isogee kila siku, kwa kuwa maji kujaa na kupwa huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake.

Andika hivi: "Nilichagua na kuhoji kaya 40 kwa sampuli ya mpangilio, nikazirudia zilizofungwa, nikakokotoa kipato kutokana na mauzo na gharama, na kuhakiki madodoso kila jioni." Kipande ambacho hukukifanya wewe kiondoe. Kama hesabu za mikoko zilifanywa na mwenzako, sema ulipima. Msaili mzoefu atauliza hapohapo.

Daftari la fildi unaweza kwenda nalo kwenye usaili. Kurasa zenye majina ya waliohojiwa ziache nyumbani, maana uliwaahidi siri.